Kitambaa cha Kidevu

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nawaambia mapema ili tusisumbuane. Niliingia soko la Marikiti, Mombasa, nikiwa na miaka kumi na mitatu, darasa la nne nimeliacha katikati, nikabebeshwa gunia la vitunguu lililonizidi uzito, na sikulalamika. Nimeona tajiri akiingia sokoni asubuhi kwa gari na kutoka jioni kwa miguu. Nimeona lori la maembe likipinduka na watu wakigeuza msiba kuwa karamu, mwenye lori nikiwa mimi. Nikacheka, mwezi wa pili nikanunua lori jingine. Hilo nililinunua milioni moja na laki mbili, taslimu, na muuzaji alizihesabu mara tatu kwa kuwa hakuuamini mkono uliompa. Mimi sifichi bei ya kitu. Anayeficha bei ama ni mwizi ama amepunjwa.

Sasa mtu kama huyo, nesi mmoja alimshangaza.

Nilikuwa nimempeleka mama hospitali kupimwa presha. Mama alikuwa na miaka themanini na kitu. Mwenyewe alisema alizaliwa mwaka wa mvua kubwa, na mvua kubwa kisiwani zimekuwa nyingi. Tumeketi kwenye benchi, mimi na kanzu yangu nyeupe iliyopigwa pasi, yeye na buibui lake. Nesi akaja, msichana wa bara, mwenye adabu zake, akainama mbele yangu na kusema, "Mzee, wewe na mkeo mtaingia pamoja. Nikushike mkono?"

Mama alinitazama. Kisha akacheka mpaka akakohoa, akaegemea ukuta.

"Huyu? Mwanangu, huyu nimemzaa mimi! Uchungu wake nausikia hata leo!"

Benchi zima likaangua kicheko. Mzee mmoja mwenye mkongojo akanipigia makofi. Nami nikacheka, maana mwanamume akichekwa na asicheke amekwisha. Lakini njiani kurudi nilikigeuza kile kioo kidogo cha gari kikanielekea mimi, nikaendesha hivyo mpaka mtaani Ndia Kuu bila kujua kilicho nyuma yangu.

Hadithi yenyewe ilianza na sukari. Ugonjwa ule uliniingia nikiwa na mwili wa kusifiwa, shingo kama gogo la mvule. Daktari akanikataza wali, akanikataza mahamri, na kwa mwaka mmoja na nusu nikapungua kilo thelathini na moja. Mwili ulipungua, ngozi ikabaki. Mtu aliyebeba magunia ataelewa upesi: ukitoa nusu ya vitunguu ndani ya gunia, gunia halipungui nawe. Linabaki na ukubwa wake, linalala, linakunjana pembeni. Ndivyo ulivyokuwa uso wangu. Mashavu yalishuka yakakutana na taya, taya likashuka likakutana na shingo, na chini ya kidevu kulikuwa na kitu kikitikisika kila nilipotafuna.

Sokoni wakaanza kunipa pole. Wateja wangu wa miaka ishirini wakawa wananiuliza, "Mzee, ukitupa namba ya mwanao si itakuwa afadhali?" Siku moja nimesimama mlangoni pa ghala langu pale Mbaraki, dereva mgeni akaniletea kiti. Mimi! Kiti! Niliyeweza kupanda ngazi na gunia kichwani huku nimeshika chai ya moto mkononi. Sina cha kujivunia kwa shule. Sina digrii ya kutundika. Uso wangu na mgongo wangu ndivyo vilivyonitajirisha. Mtu alikuwa akinitazama mara moja tu anajua kwamba huyu hadanganyiki. Sasa wananitazama wanatafuta kiti.

Nikasikia kuna madaktari Nairobi wanaovuta ngozi ya uso. Wanapasua mbele ya sikio na nyuma yake, wanainyanyua, wanaivuta, wanakata inayozidi na kushona. Nikaenda kumwona mmoja bila kumwambia mtu. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache. Aliishika mikunjo ya mashavu yangu kwa vidole viwili kama mama anayechagua kitambaa dukani.

"Yawezekana," akasema. "Lakini una sukari. Kidonda chako kitapona polepole. Kwanza uniletee miezi mitatu ya sukari iliyotulia. Na baada ya kupasuliwa, wiki tatu hubebi kitu, na kichwa hakishuki chini ya kifua. Hata kufunga viatu, akufungie mtu. Na utavaa kitambaa cha kubana kidevu, usiku na mchana."

"Nikiinama je?"

"Damu itajaa chini ya ngozi. Kwa mtu wa sukari, ngozi hiyo yaweza kufa. Ikifa inakuwa nyeusi, inadondoka."

Nilitoka pale najua kwamba nataka, lakini sijui ni lini. Kwa sababu kulikuwa na mama.

Hapa lazima nieleze. Baba alipokufa mimi nilikuwa mdogo, na walioshuka kaburini kumpokea walikuwa watu wa mtaani tu. Wanawake kwetu hawaendi makaburini, kwa hiyo niliporudi nyumbani mama akaniuliza, "Nani alimpokea baba yako?" Nikasema siwajui majina. Akakunja kanzu ya baba akaiweka. Lakini nilipoanza uhamali, jioni moja ananikanda mabega kwa mafuta, akaniambia, "Siku yangu, unishukie wewe. Magunia ya watu wayabeba, na mimi nibebe." Nikamwambia, "Inshallah mama, kwa mikono yangu hii miwili." Tangu siku hiyo kila mfungo ukiingia ananikumbusha, kama mtu anayekagua komeo la mlango kabla ya kulala. "Wakumbuka?" "Nakumbuka, mama."

Mbali na mimi, alikuwako mwanamume mmoja mwingine aliyekuwa na haki hiyo. Ni ndugu yangu wa ziwa. Mama yake alipomzaa alishikwa na homa, maziwa yakakauka, na mama yangu, aliyekuwa ananinyonyesha mimi, akampa yeye ziwa moja na mimi jingine. Kwa sheria yetu huyo ni mtoto wa mama sawa na mimi. Hata dada yangu hawezi kuolewa naye. Tuliingia Marikiti pamoja, siku moja, nguo zetu zikiwa na viraka vya kitambaa kimoja. Mimi nimetoka, yeye bado yuko. Mpaka leo anabeba. Uso wake umekunjamana kama tende, na ameniita "tajiri" kwa miaka mingi kwa namna ambayo sikuwahi kujua kama ni heshima au kebehi.

Yeye ndiye aliyenifunza kanuni ya kazi. Mzigo ukishushwa kutoka kwenye lori, aliye juu haachii mpaka aliye chini aseme, "Nimepata." Si "haya", si "sawa", si kutikisa kichwa. Nimepata. Aliye juu akiachia kabla ya neno hilo, anaweza kumuua mwenzake, tumeona. Katika mabohari yangu yote hiyo ndiyo sheria, na niliyemfukuza kazi kwa kuivunja sikumrudisha hata alipoletwa na mama yake.

Basi, lini? Mfungo wa Ramadhani, hapana. Msimu wa maembe, hapana, malori yote yako njiani. Nikawaza, nitangoja. Mama akishatangulia, nikishamtimizia, nitaenda nikavutwe kwa raha zangu. Nililala na wazo hilo usiku mmoja tu. Asubuhi nilipompelekea mkate wa sinia, akaniambia, "Sabalkheri mwanangu," na mimi nikauweka mkate chini kabla hajaupokea. Kwa sababu kungoja huko ni kungoja nini? Mtu mzima na akili zake anakaa na kalenda kumngojea mama yake afe ili apendeze. Nikaona aibu. Nikaona hasa kwamba kwenda angali hai na ana nguvu ndiyo heshima. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe, na mimi hesabu zangu huwa hazikosei.

Nikamuuliza mtu mmoja wa dini, baada ya sala, kama jambo hilo linafaa. Nikasema ni rafiki yangu anayetaka kujua.

"Rafiki yako ana maradhi," akaniuliza, "au ana kioo?"

Nikamwambia nitamuuliza. Sikurudi kwake.

Mke wangu nilimwambia, maana lazima mtu mmoja ajue. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Unataka kumpendeza nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Mwenyewe hujioni. Sisi ndio tunaokutazama, na hatujalalamika."

"Nesi alidhani mama ni mke wangu!"

"Mama alicheka," akasema. "Ni nadra siku hizi kumchekesha. Ungemshukuru yule nesi." Akapepeta ungo. "Mama ni mtu mzima. Ngoja kidogo."

"Nimngojee nini? Sema. Nimngojee nini?"

Akarudia mchele wake. Na mimi nikajiona nimeshinda.

Idi ilipopita sukari yangu ilikuwa imetulia miezi mitatu, na mama alikuwa mzima kabisa. Alikula halua, akamgombeza dada yangu, mjane anayekaa naye, kwamba kahawa ni maji matupu. Nikaenda kumuaga. Nikasema nakwenda Nairobi mambo ya malori, wiki tatu hivi. Alikuwa kitandani, dirisha wazi.

"Ndoo hapa," akasema, akiniita kwa mkono. "Keti, nikuone."

Akanishika uso kwa mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini vidole vilikuwa vinaona. Akapitisha kidole gumba kwenye pua, juu mpaka chini.

"Ulizaliwa na pua bapa kama kitumbua. Siku arubaini nimekukanda kwa mafuta ya nazi ya moto, nakuvuta pua, nakubana kichwa kiwe cha duara. Bibi yako aliniambia, acha, utamchubua mtoto. Nikasema mwanangu hatatoka hivi." Akavuta ngozi ya shavu langu, akaiachia, ikalala. "Uso huu niliutengeneza mimi. Wataka kunambia nini?"

"Sitaki kitu, mama."

"Nenda salama. Usikawie. Wakumbuka?"

"Nakumbuka."

Sikumbuki mengi ya upasuaji. Nililala, nikaamka, kichwa kimefungwa kama boga lililopasuka, mifereji miwili ya mpira imetoka nyuma ya masikio. Siku ya tatu walinitoa mifereji na kunivika kile kitambaa cheupe, kinapita chini ya kidevu, juu ya masikio, kinafungwa utosini, na cha pili wakanipa cha kubadilisha. Nilikuwa na uvimbe na rangi ya biringani. Nilikaa katika chumba cha kupanga, nakunywa supu kwa mrija, nalala nimeketi. Kila asubuhi nilijitazama. Chini ya uvimbe nilianza kumwona mtu niliyemjua zamani, na, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Siku ya tisa, alfajiri, dada yangu akapiga simu. Aliniita kwa jina langu la utotoni, na baada ya hapo sikuhitaji kusikia mengine. Mama alikuwa ameamka kwa sala, akaomba maji, akalala tena.

"Tutamzika baada ya alasiri," dada akasema. "Waja, sivyo? Sisi twakungojea wewe umshukie."

"Naja."

Nilimpigia daktari nikiwa ndani ya teksi ya kwenda uwanja wa ndege.

"Ndege siipendi, lakini nenda," akasema. "Kusimama, simama. Usibebe. Usiiname."

"Ni mama yangu."

"Pole sana. Nakwambia la mwili tu. La mama yako silijui."

Nilivaa barakoa, nikashusha kofia, nikajifunga shali shingoni mpaka masikioni. Joto la Mombasa lilinipokea kama kofi. Nyumbani watu walifungua njia. Wengine walidhani naumwa jino, wengine walidhani ni kilio kimenivimbisha, na mimi nikawaacha wadhani. Dada alinishika mkono akaniingiza chumbani, mama alikuwa ameshakoshwa na kuvishwa sanda, uso tu umeachwa wazi kwa ajili yangu.

Alikuwa mdogo. Sikujua kwamba alikuwa mdogo hivyo. Na kidevu chake kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa cheupe, kinapita chini ya taya, juu ya masikio, kimefungwa utosini, ili mdomo usibaki wazi.

Shali langu lilikuwa limeteleza. Dada akatazama chini ya masikio yangu, akamtazama mama, akanitazama tena.

"Na wewe," akasema polepole, "wewe umefungwa na nani?"

Nikavuta shali. Nikasema, "Meno." Hakuniuliza tena, siku hiyo wala baadaye.

Jeneza lilitoka na watu wakalipokezana mabega mpaka msikitini, na kutoka msikitini mpaka makaburini. Mimi nilitembea pembeni, nimeweka kiganja juu ya ubao tu, kama mtu anayetuliza farasi. Waliokuwa nyuma yangu waliona, bila shaka. Hamali wa miaka yote hiyo, na bega lake tupu.

Kaburi lilikuwa limechimbwa vizuri, na mwanandani wake, lile shimo la ndani analolazwa maiti, umekatwa ubavuni. Nilitazama ule mwanandani kwa muda mrefu. Mtu anayeshuka hapokei tu mwili na kupanda. Anapiga magoti, anaingiza kichwa chini ya ule ukingo, anamlaza maiti ubavu akielekea kibla, anamfungulia mafundo ya sanda, anamwekea udongo chini ya shavu. Kichwa chake muda wote kiko chini ya kifua.

Ndugu yangu wa ziwa alivua makubadhi. Alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, shati lake lina vumbi la viazi. Akaruka ndani, akageuka, akaninyooshea mkono.

"Shuka, ndugu yangu."

Hakusema tajiri.

Nilivua viatu, sijui nilivivuaje bila kuinama, nadhani nilivikanyaga. Nikasogea mpaka ukingoni, udongo ukamomonyoka kidogo chini ya vidole vyangu. Nikasikia damu inagonga mbele ya masikio, palepale penye mshono, tu, tu, tu. Nikaona ngozi nyeusi ikidondoka. Sikuamua kitu, nataka mjue hivyo. Hakuna mahali niliposema moyoni "sishuki". Nilisimama tu. Nikasimama zaidi ya inavyopasa kusimama.

"Mgongo," nikasema. "Mgongo wangu."

Mkono wake ulibaki hewani kidogo. Kisha akaurudisha.

"Haya," akasema. "Basi kamata shuka."

Kwa maiti wa kike tunatanda shuka juu ya kaburi wakati wa kumteremsha, ili asitazamwe. Nikapewa pembe moja. Watu wawili, majirani, wakashuka mahali pangu. Nikasimama pale nimeshika kitambaa, sioni kitu ila kitambaa chenyewe, cha maua madogo ya buluu, na chini yake nasikia miguu ikikanyaga udongo, pumzi, mtu akinong'ona bismillahi. Waliokuwa juu walikuwa bado wamemshikilia mama kwa mikanda.

Ndipo nikasikia sauti ya ndugu yangu wa ziwa kutoka chini.

"Nimepata. Achieni."

Wakaachia.

Sasa uso umepona. Sitasema uongo, daktari yule ni fundi. Ngozi haikufa, mshono hauonekani mpaka nikuoneshe mwenyewe. Sokoni hakuna anayeniletea kiti. Wanasema, "Umekuwa kijana, Mzee, umeoa tena nini?" na mimi nacheka, na uso unacheka vizuri. Mke wangu hanitazami sana. Nikinyoa asubuhi namtafuta yule mtu wa benchi aliyedhaniwa mume wa mama yangu, simwoni.

Siku ya hitma ya arubaini ndugu yangu wa ziwa alikuja, akala, akakaa nami barazani. Nilitaka aniulize kuhusu mgongo ili nipate kumdanganya tena, au nimwambie. Hakuuliza. Alikuwa anachokoa meno kwa njiti. Mwisho akasema, bila kunitazama:

"Alikuwa mwepesi, mama. Kama kikapu cha mchicha. Ungemweza."

Akavaa makubadhi yake akaenda zake, kulikuwa na lori la viazi linamngoja.

Watu huniuliza bei yake, wale wachache wanaojua, na najua huuliza kwa sababu na wao wana vioo. Mimi nimesema sifichi bei. Daktari, kitanda, dawa za usingizi, chumba cha kupanga, vile vitambaa viwili vya kidevu, na tiketi ya ndege ya asubuhi ile: shilingi laki saba na sabini na tatu elfu, mia nne na hamsini.